Neno « Schule »

Watoto, kila asubuhi mwasema neno moja la Kijerumani, wala hamjui. Mama auliza: « Unakwenda wapi? » Nanyi mwajibu: « Nakwenda shule. » Neno hilo « shule » halikuzaliwa katika Kiswahili. Latoka katika lugha ya Wajerumani, nao huliandika hivi: « Schule ». Kwao ni neno la kila siku, kama mkate na nyumba. Hata mtoto mdogo asiyejua kusoma bado hulijua, kwa sababu huwaona kaka na dada zake wakienda huko na mifuko mgongoni.

Labda mmoja wenu atainua mkono na kusema: « Mwalimu, sisi nyumbani hatusemi shule, twasema masomo. » Ni kweli. Katika Kongo watu wengi husema « nakwenda ku masomo ». Wengine husema « kalasi », na neno hilo lilitoka katika Kifaransa. Maneno hayo si mabaya, tena « masomo » ni neno zuri sana, nasi tutalirudia mbele. Lakini katika vitabu vya Kiswahili, na kwa jirani zetu wa Tanzania na Kenya, neno ni « shule ». Basi ni vema kujua neno hilo ni la nani, linaandikwaje kwao, linatamkwaje, na limefikaje huku.

Kijerumani husemwa wapi? Katika Ujerumani, ndiyo, na katika Austria, na katika sehemu kubwa ya Uswisi. Lakini husemwa hata katika Ubelgiji. Upande wa mashariki wa nchi ile, karibu na mji wa Eupen, watu husema Kijerumani tangu zamani, na lugha yao ni lugha ya tatu ya serikali, pamoja na Kifaransa na Kiholanzi. Kwa hiyo kuna watoto wa Ubelgiji ambao hawasemi « école », husema « Schule ».

Sasa tuliandike neno ubaoni. Tuhesabu herufi zake: S, c, h, u, l, e. Ni herufi 6. Sasa tuhesabu sauti zake: sh, u, l, e. Ni sauti 4 tu. Herufi tatu za mwanzo zafanya kazi ya sauti moja. Hapo ndipo msomaji mgeni hujikwaa. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili akiona « sch » hutaka kusema « s », kisha « ch » kama katika chakula, akatoa neno « s-chule ». Sivyo. Herufi hizo tatu husomwa pamoja, nazo ni « sh » ile ile ya shamba na shoka.

Sauti hii moja yapenda kuvaa nguo mbalimbali. Kiswahili huiandika kwa herufi mbili, « sh »: shoka. Kifaransa huiandika kwa herufi mbili nyingine, « ch »: chat, yaani paka, chaise, yaani kiti. Kijerumani hutaka herufi tatu. Sauti ni ile ile, na meno na ulimi hukaa mahali pale pale. Kalamu tu ndiyo inayobadilika. Anayejua jambo hili hatashangaa akikutana na lugha mpya. Atauliza kwanza: « Kwa lugha hii, herufi hizi zina sauti gani? » Hatazisoma kwa mazoea ya lugha yake.

Kwa nini Wajerumani waliandika herufi tatu, ikiwa mbili zingetosha? Sababu ni ya zamani. Miaka zaidi ya elfu moja iliyopita neno lao halikuwa na sauti « sh ». Lilikuwa « scuola », nao walitamka « sk » mwanzoni. Polepole midomo ya watu ililainisha « sk » ikawa « sh », kama jiwe la mtoni linavyolainishwa na maji. Wakati ule neno liliandikwa « schuole ». Baadaye « uo » ikawa « u » moja ndefu, likabaki « Schule ». Lakini katika milima ya Uswisi watu bado husema « Schuel », na hapo sauti mbili za zamani zasikika bado.

Tazameni tena herufi ya kwanza. Ni herufi kubwa. Je, ni kwa sababu neno liko mwanzoni mwa sentensi? Hapana. Katika Kijerumani kila jina huanza kwa herufi kubwa, popote liwapo. Sisi huandika kwa herufi kubwa majina ya watu na ya mahali tu: Petro, Bukavu, Tanganyika. Wao huandika hivyo hata majina ya vitu vidogo: Haus, nyumba, Baum, mti, Buch, kitabu, Stuhl, kiti. Mtoto wa Kijerumani akiandika « schule » kwa herufi ndogo, mwalimu wake hutia alama nyekundu. Kanuni hii yawatesa sana wageni, lakini ina faida yake: ukifungua ukurasa wa Kijerumani usiojua maana yake, waweza hata hivyo kunyosha kidole na kusema, hili ni jina, na hili ni jina. Mwaka 1901 wakubwa wa nchi za Kijerumani walikutana katika mji wa Berlin kupatanisha njia ya kuandika, na mwaka 1996 walikubaliana tena kubadili maneno kadhaa. Neno « Schule » halikuguswa mwaka 1996, na majina yaliendelea kuvaa herufi zao kubwa.

Tuje kwenye kutamka. « Sch » tumekwisha kuijua. « U » yake ni ndefu. Semeni « juu », kisha semeni « kuu ». Urefu ule ndio unaotakiwa: « Shuu-le ». Msiikate. Katika Kijerumani kuna neno lingine, « Schuld », maana yake deni au kosa, na « u » yake ni fupi. Ukiikata « u » ya Schule, msikilizaji aweza kudhani unaanza kumdai fedha! « L » ni kama yetu. Lakini « e » ya mwisho si kama yetu. Sisi husema « e » kwa nguvu, kama katika wembe. Wao huilegeza, karibu kuimeza. Ni kama « e » ya neno la Kifaransa « le », wala si kama « é » ya « école ». Hiyo ndiyo sauti ambayo Mswahili hukosea zaidi, kwa maana Kiswahili hakina vokali iliyolegea. Vokali zetu tano zote husimama wima.

Mkazo uko juu ya silabi ya kwanza: SCHU-le. Nasi pia huweka mkazo pale pale, SHU-le, kwa sababu katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho. Kwa bahati njema kanuni ya lugha yao na kanuni ya lugha yetu zilipatana katika neno hili. Tena neno hili huishia kwa vokali, kama Kiswahili kinavyopenda, wala halina konsonanti mbili zilizoshikana. Ndiyo maana liliingia kwetu bila kuongezwa kitu. Linganisheni na neno la Kiingereza « school ». Hilo lina « sk » mwanzoni na « l » mwishoni. Watu wa Zanzibar walipolichukua iliwabidi kulipa vokali ya kusimamia, wakasema « skuli », na hata leo katika Unguja na Pemba mtoto hulitaja hivyo.

Jambo jingine. Mjerumani hasemi tu « Schule », husema « die Schule ». Neno dogo « die » hutamkwa « dii ». Katika lugha yao majina yamegawanyika katika makundi matatu, na kila kundi lina neno lake dogo la kutangulia: der, die, das. Mwalimu mwanamume ni « der Lehrer ». Shule ni « die Schule ». Kitabu ni « das Buch ». Wafaransa wana makundi mawili, « le » na « la ». Sisi tuna makundi mengi zaidi, nasi hatuyaogopi: mtu na watu, kitabu na vitabu, mti na miti. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili asiwacheke Wajerumani. Ila kuna jambo moja ambalo hata wao wenyewe hulicheka. Msichana kwao ni « das Mädchen », yaani amewekwa katika kundi lile lile la kitabu. Sisi tuna neno « kijana », ambalo kwa sura ni kama kitabu na kiti, lakini hatusemi « kijana kimefika ». Twasema « kijana amefika ». Tumekumbuka kwamba ni mtu.

Zikiwa nyingi husema « die Schulen », wakiongeza « n ». Sisi hatuongezi kitu: shule hii ni kubwa, shule hizi ni kubwa. Neno lenyewe limetulia, na maneno yaliyo karibu nalo ndiyo yanayoonyesha wingi.

Kutoka katika Schule Wajerumani wametengeneza ukoo mzima wa maneno, maana wao hupenda kuyagandisha maneno mawili au matatu yakawa moja. Sisi twasema kitabu cha shule. Wao husema « Schulbuch ». Uwanja wa shule ni « Schulhof ». Njia ya kwenda shule ni « Schulweg », na nadhani kila mtoto ana kumbukumbu zake za Schulweg, za matope na za maembe. Mwanafunzi ni « Schüler », na hapo juu ya « u » kuna nukta mbili. Nukta hizo si pambo. Zabadili sauti: « ü » ni kama « u » ya Kifaransa katika « lune » na « mur ». Toeni midomo mbele kama mtu anayepiga mluzi, kisha jaribuni kusema « i ». Ndiyo hiyo. « Er » ya mwisho wa Schüler husikika karibu kama « a » hafifu.

Shule ya watoto wadogo ni « Grundschule ». « Grund » ni msingi, basi ni shule ya msingi. Shule ya namna hii iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1920, na katika sehemu nyingi za Ujerumani shule hiyo ina miaka 4. « Hochschule », kwa maneno yake, ni shule ya juu, lakini msidhani ni sekondari. Ni chuo kikuu. Mahali pa kujifunza kuendesha gari ni « Fahrschule ». Neno ninalolipenda kuliko yote ni « Baumschule ». « Baum » ni mti. Shule ya miti! Je, miti husoma? Ni ile bustani ambapo miche hupandwa kwa mistari, hunyweshwa maji, huondolewa magugu na kunyoshwa ikiwa imepinda, mpaka ipate nguvu ya kupelekwa shambani. Nasi tuna bustani za namna hiyo za miche ya kahawa na ya michikichi, na mtu aliyepita kando yake akaona ile mistari iliyonyoka ataelewa kwa nini Wajerumani waliziita hivyo.

Siku ya kwanza ya shule mtoto wa Ujerumani hupewa na wazazi wake « Schultüte ». Ni karatasi ngumu iliyokunjwa kama faneli kubwa, nyembamba chini na pana juu, nayo imejaa peremende, kalamu na vitu vidogo vya kuchezea. Desturi hii ilianza katika karne ya 19 upande wa Thüringen na Sachsen, ikaenea nchi nzima. Mara nyingine faneli ni ndefu karibu kama mtoto mwenyewe, naye huibeba kwa mikono miwili, hata haoni anakokanyaga.

Mpaka hapa tumesema neno ni la Kijerumani. Sasa lazima niwaambie kwamba Wajerumani nao waliliazima! Kabla yao lilikuwa la Warumi, waliosema Kilatini: « schola ». Na Warumi walilipata kwa Wagiriki, waliosema « skholé ». Na kwa Wagiriki, hapo mwanzo kabisa, neno hili halikuwa na maana ya nyumba yenye madawati. Maana yake ilikuwa nafasi, pumziko, wakati ambao mtu hana kazi ya mikono ya kufanya. Mshangao, sivyo? Mwanafunzi mvivu atafurahi na kusema: « Kumbe shule ni kupumzika! » Asifurahi upesi. Wagiriki waliwaza hivi: mtu anayelima tangu mapambazuko mpaka jua kuchwa hapati nafasi ya kuuliza maswali. Mtu aliyepata nafasi, afanye nini nayo? Azungumze na wenye hekima, ahesabu, atazame nyota, asome. Kwa hiyo neno la nafasi likawa neno la mazungumzo ya wenye nafasi, kisha likawa neno la mahali pa mazungumzo hayo. Warumi walikuwa na neno lingine tena kwa shule ya watoto wadogo: waliiita « ludus », na « ludus » pia ni mchezo.

Wajerumani walijifunza neno « schola » kutoka kwa watu wa Kanisa, kwa kuwa zamani zile Kilatini kilikuwa lugha ya vitabu, na shule zilikuwa katika nyumba za watawa. Mwaka 789 mfalme Karolo Mkuu, aliyetawala Wafaransa na Wajerumani wa wakati ule, aliamuru shule ziwekwe katika monasteri na kwa maaskofu, ili wavulana wajifunze kusoma. Jambo likafika pamoja na jina lake.

Neno hilo la Kilatini lina watoto wengi, na ninyi mwawajua baadhi yao. Mmoja ni « école ». Hafanani na Schule hata kidogo, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Wafaransa wa kale walishindwa kuanza neno kwa « sk », wakaweka « e » mbele: escole. Baadaye « s » ilinyamaza, ikatoka, na « e » ikavikwa alama: école. Vivyo hivyo « estoile » ya zamani, yaani nyota, ikawa « étoile ». Mara nyingi mkiona « é » mwanzoni mwa neno la Kifaransa, yawezekana chini yake imelala « s » ya zamani. Ndugu wa pili ni neno la Waflamandi wa Ubelgiji, « school ». Laandikwa sawasawa na la Kiingereza, lakini wao husema « s », kisha sauti ya kooni, kama mtu anayetaka kukohoa kidogo, kisha « ool ». Wa tatu ni jirani yetu upande wa Angola, ambako wanafunzi husoma kwa Kireno: « escola ». Huyu ameihifadhi « s » ambayo Mfaransa aliipoteza.

Na sasa turudi kwenye neno letu « masomo ». Latoka katika kusoma. Lataja kazi inayofanywa mahali pale. Neno la Kigiriki lafanya kinyume: lataja kazi isiyofanywa pale, yaani kulima, kuchunga, kuchota maji. Maneno mawili, na kila moja lina ukweli wake, maana mtoto hawezi kuwa na masomo asipopewa kwanza nafasi.

Katika Ujerumani wenyewe nafasi hiyo haikupatikana kwa urahisi. Msidhani kwamba watoto wa huko walikuwa shuleni tangu zamani, wote, wamekaa safi. Watoto wa wakulima walichunga ng'ombe na bata bukini, waliokota viazi, walilea wadogo zao. Mwaka 1717 Friedrich Wilhelm I, mfalme wa Prussia, ambayo ilikuwa nchi kubwa ya Kijerumani, aliwaamuru wazazi kupeleka watoto mahali penye shule. Wakati wa baridi, mashamba yanapofunikwa na theluji, waende kila siku. Lakini wakati wa joto, wazazi wanapowahitaji kazini, waende walau mara moja au mbili kwa juma. Mfalme mwenyewe aliona kwamba hawezi kushindana na mavuno! Mwaka 1763 mwanawe, Friedrich II, alitoa sheria nyingine iliyo kali zaidi: watoto wasome tangu umri wa miaka 5 mpaka 13 au 14. Sheria iliandikwa, lakini vijijini mambo yalikwenda polepole. Mwalimu alilipwa kidogo sana, hata mara nyingi alikuwa na kazi nyingine, kama kushona nguo, ili apate kula. Na watoto wengi waliendelea kujua shule ya wakati wa baridi tu. Kulikuwa hata na jina lake, « Winterschule ».

Katika karne ya 19 viwanda viliongezeka, na watoto waliochukuliwa mashambani waliingizwa viwandani, kazi ikawa mbaya zaidi. Mwaka 1839 Prussia ilikataza kuwatumia viwandani watoto walio chini ya miaka 9. Chini ya 9! Maana yake mtoto wa miaka 10 aliruhusiwa. Hatimaye mwaka 1919 sheria kuu ya nchi nzima ya Ujerumani iliandika kwamba kila mtoto lazima asome, tena bila kulipa, walau miaka 8. Wajerumani huiita lazima hiyo « Schulpflicht ». Tangu amri ya 1717 mpaka sheria ya 1919 ni miaka 202. Basi mkisikia nyumbani ugomvi kuhusu mtoto atakayebaki kuvuna mpunga na mtoto atakayekwenda darasani, mjue kwamba ugomvi huo ulikuwako pia katika nyumba za Wajerumani, kwa miaka mingi sana, na mara nyingi shamba lilishinda.

Yabaki kueleza jinsi neno lilivyovuka bahari. Mwaka 1885 Wajerumani walianza kujitwalia nchi ambayo leo ni Tanzania bara, kisha Rwanda na Burundi. Wakaziita Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wenyeji waliwaita « Wadachi », nalo neno hilo latokana na jina wanalojiita wao wenyewe, « Deutsch ». Nchi yao ilipakana na Kongo kwa upande wa ziwa Tanganyika, mto Ruzizi na ziwa Kivu.

Pwani ya nchi hiyo watu walijua kusoma tangu zamani, kwa herufi za Kiarabu. Mahali pa kusomea paliitwa « chuo », na kitabu nacho kiliitwa chuo. Kwa hiyo Waswahili hawakukosa neno. Lakini serikali mpya ilitaka makarani, wakalimani na watoza kodi wanaoandika Kiswahili kwa herufi hizi tunazotumia leo. Mwaka 1892 ilifungua shule yake huko Tanga, mji wa pwani, na baadaye nyingine katika miji mingine. Watu waliona kwamba jambo hili si chuo chao: walimu ni wengine, herufi ni nyingine, na kusudi ni lingine. Kwa jambo geni walitumia jina geni, lile walilolisikia kwa wenye jambo: Schule. Wakaliandika kwa sauti za Kiswahili: shule.

Wajerumani waliacha maneno machache tu katika Kiswahili. La pili lijulikanalo sana ni « hela ». Tangu mwaka 1904 rupia moja ya nchi ile iligawanywa katika sarafu ndogo 100 zilizoitwa « Heller », jina lililotoka katika mji wa Hall huko Ujerumani. Leo sarafu hizo ziko katika makumbusho, lakini Mtanzania bado husema « sina hela ». Shule na hela, basi. Makarani walitoka katika ya kwanza, na kodi ililipwa kwa ya pili. Utawala ule haukuwa mwepesi kwa watu. Waliolazimishwa kulima pamba waliinuka mwaka 1905, na vita hivyo vya Maji Maji vilidumu mpaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Neno lililofika kwa njia kama hiyo lingeweza kutupwa siku mwenyewe alipoondoka.

Halikutupwa. Mwaka 1916, katika vita vikuu vya kwanza, askari wa Kongo wakiongozwa na Wabelgiji waliingia Rwanda na Burundi, na mwezi wa Septemba waliteka mji wa Tabora. Vita vilipokwisha Wajerumani hawakurudi. Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ubelgiji, na Tanganyika chini ya Uingereza. Wabelgiji walikuwa na neno lao « école », na Waingereza walikuwa na « school ». Lakini watu walikuwa wamekwisha kulizoea shule, wakabaki nalo. Hata ng'ambo ya Ruzizi lasikika mpaka leo: Warundi husema « ishure », na Wanyarwanda husema « ishuri », na wingi wake ni « amashuri ». Limevaa kiambishi cha lugha zao, na « l » ya Mjerumani imegeuka « r », lakini ndani yake ni Schule ile ile.

Kabla hatujafunga kitabu, tuandike maneno matatu ubaoni: Schule, Schuhe, Schüler. La kwanza ni shule. La pili ni viatu, na « h » yake ya katikati haitamkwi, husomwa « Shuu-e ». La tatu ni mwanafunzi. Mmoja wenu aseme neno moja kwa sauti, na mwenzake aliyegeukia ukuta aseme maana yake. Akisikia viatu badala ya shule, kosa ni la msemaji: amesahau « l ». Na anayeandika asisahau zile nukta mbili za Schüler, wala herufi kubwa ya mwanzo.